Maarifa ya Ziwa na Shule ya Vilimani: Kigwena katika Historia ya Mageuzi ya Elimu nchini Burundi

Utangulizi

Suala la kuingiza maarifa asilia katika shule za umma limekuwa likijadiliwa katika makongamano na semina nyingi za elimu. Mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni jambo jipya ambalo halijawahi kujaribiwa. Kwa upande wa Burundi hali si hiyo. Nchi hii ilifanya mageuzi makubwa mwaka 1973 yaliyokusudia hasa kuiweka shule karibu na maisha ya wananchi, na zaidi ya miaka 30 baadaye ikafanya mageuzi mengine yaliyoleta Kiswahili darasani.

Makala hii inayaangalia mageuzi hayo mawili kutoka mahali pamoja, yaani Kigwena, katika komini ya Rumonge, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Hoja yetu ni kwamba katika mageuzi ya kwanza maarifa ya wenyeji yaliingia shuleni, lakini yakawa maarifa ya jembe, na ziwa likaachwa nje. Katika mageuzi ya pili Kiswahili kiliingia, lakini kiliingia kama lugha ya mbali ambayo haina habari na ziwa. Mtoto wa Kigwena alikuwa na vyote viwili nyumbani, na shule haikuwahi kumpa vyote kwa pamoja. Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili, kwa sababu sehemu iliyobaki ya kazi hiyo iko mikononi mwetu.

Kigwena na mwambao wake

Rumonge iko kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac. Kwa muda mrefu komini hiyo ilikuwa katika mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, na katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ikaingizwa katika mkoa wa Burunga. Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge. Jina lake linajulikana zaidi kwa sababu ya msitu wa hifadhi ulio hapo, msitu mdogo wa tambarare ambao ni mabaki ya misitu ya aina ya Kongo. Umezungukwa na michikichi, na ziwa liko hatua chache tu.

Watu wa mwambao huu wanaishi kwa vitu vitatu: uvuvi, mawese na biashara. Lugha zao nazo zinafuata maisha hayo. Kirundi ni lugha ya wote. Kiswahili kilifika kwa njia ya Ujiji, pamoja na wafanyabiashara na Uislamu, katika karne ya 19, na kimebaki kuwa lugha ya soko, ya mwalo na ya mitumbwi, kwa kuwa mvuvi wa Rumonge hukutana majini na mvuvi wa Kongo na wa Kigoma. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni Burundi, hana budi kueleza ni sehemu gani ya Burundi anayoizungumzia.

Shule ilivyoondoka mwambaoni

Inashangaza kwamba jaribio la kwanza la wamisionari nchini Burundi lilifanyika Rumonge. Mababa Weupe walifika hapo mwaka 1879. Mwezi Mei 1881 watatu kati ya watu wa kituo hicho waliuawa, na kituo kikafungwa. Waliporudi nchini mwishoni mwa karne hiyo walijenga mbali na ziwa: Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Hivyo shule iliyokuja kuenea Burundi ilikulia vilimani. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kirundi, ambacho wamisionari walikiandikia sarufi na kamusi mapema. Kamusi ya Van der Burgt, kwa mfano, ilitoka mwaka 1903.

Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala wao, lakini wamisionari wengi walikitilia shaka kwa kuwa walikiona ni lugha ya Uislamu. Wabelgiji walipochukua nchi, waliiachia misheni za Kikatoliki sehemu kubwa ya elimu na kuzipa ruzuku. Matokeo kwa mwambao yalikuwa mazito. Wazazi Waislamu wa Rumonge na miji mingine ya Waswahili waliogopa kuwapeleka watoto katika shule ambazo kwao zilikuwa sawa na kanisa. Watoto walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakajifunza herufi za Kiarabu na hesabu ya miezi, na wakajifunza kazi kwa baba zao ziwani. Serikali haikuhesabu elimu hiyo kuwa elimu. Hata neno "Umuswahili" lilipata maana mbaya katika Kirundi cha kila siku, likamaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Lugha ikibeba dharau ya aina hiyo, ni vigumu wenye mamlaka kudhani kwamba ndani yake kuna maarifa yanayofaa kufundishwa.

Mageuzi ya 1973: jembe laingia, ziwa labaki nje

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa na shule chache zilizofundisha kwa Kifaransa baada ya madarasa ya mwanzo. Katika miaka hiyo wazo la kuifanya shule iwe ya wananchi lilikuwa limeenea katika eneo lote. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto wa kijijini, pasipo kuwa ngazi tu ya kwenda sekondari.

Kabla Burundi haijafika huko, yalitokea mauaji ya mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wa mwambao waliuawa. Serikali ya Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na waliotafutwa hasa ni waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Makadirio mengi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huita kipindi hicho Ikiza. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Tanzania na Kongo, na vijiji vingi vya mwambao vikabaki vitupu. Msomaji hawezi kuyaelewa mageuzi ya elimu ya mwaka uliofuata bila kukumbuka kwamba yaliletwa katika nchi iliyokuwa imewapoteza walimu wake wengi, na ambamo wazazi wengi walikuwa wamejifunza kwamba kusoma kunaweza kumuua mtoto.

Mageuzi ya 1973 yalikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa kufundisha kwa Kirundi. Masomo ya miaka minne ya mwanzo yalitolewa kwa Kirundi, na Kifaransa kikawa lugha ya kufundishia kuanzia mwaka wa tano. Ya pili ilikuwa kuifanya shule iwe ya kijijini: kilimo, ufugaji, afya na kazi za nyumbani viliingizwa katika ratiba. Vitabu viliandikwa kwa Kirundi, na istilahi za hesabu na za mazingira zikatungwa. Kazi hii inastahili heshima. Ni mataifa machache ya Afrika yaliyokwenda umbali huo kwa lugha ya wananchi wote, na mwalimu yeyote anayedai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi anapaswa kuvisoma vitabu hivyo kwanza.

Hata hivyo, kijiji kilichokuwa katika vitabu hivyo kilikuwa kijiji cha mlimani: maharage, mtama, migomba, ng'ombe, mmomonyoko wa udongo. Kwa mtoto wa Kigwena "kazi za mazingira" zilikuwa jembe na bustani ya shule. Ziwa lililokuwa likiilisha familia yake, na ambalo huenda aliliona kupitia dirisha la darasa, halikuwa somo. Waliotunga mitaala walikuwa watu wa vilimani, na nchi yenyewe huonwa hivyo: Burundi ni nchi ya vilima na mkulima, na mvuvi yuko pembeni.

Kasoro nyingine iliyapunguzia mageuzi haya nguvu hata vilimani. Sekondari ilibaki ya Kifaransa, na mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa ndio mlango wa kazi ya serikali. Wazazi waliona upesi kwamba watoto wa wakubwa mjini walikuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa tangu mwanzo. Wakajiuliza kwa nini maarifa ya jembe ni mazuri kwa watoto wao tu. Swali hilo lilikuwa la haki. Maarifa ya wenyeji yakifundishwa kwa maskini peke yao, na yasipohesabiwa katika mtihani, watu huyaona kuwa ni njia ya kuwafungia watoto kijijini. Hilo ni somo la kwanza ambalo mageuzi yoyote yajayo hayapaswi kulisahau.

Kiswahili chaingia darasani

Katikati ya miaka ya 2000 hali ilibadilika. Mwaka 2005 karo ya shule za msingi ilifutwa, na madarasa yakafurika. Katika kipindi hicho hicho, nchi ikijiandaa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Burundi ikawa mwanachama wa Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Sheria ya Septemba 2013 ikaanzisha shule ya msingi ya miaka 9, ambayo watu huiita Ekofo, na lugha zote nne zikawamo.

Kwa mwambao ilikuwa habari njema. Lugha iliyodharauliwa ilikuwa imepewa ubao na chaki. Lakini walimu wengi waliotakiwa kuifundisha hawakuwa wamefunzwa kuifundisha, na wengine hawakuijua vizuri wao wenyewe. Walifuata kitabu neno kwa neno: maamkizi, viungo vya mwili, ngeli za nomino. Na sheria ya lugha ya Novemba 2014 iliweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikabaki lugha ya kufundishwa tu.

Wakati huo huo, kuanzia mwaka 2008, zaidi ya watu 50,000 wa wakimbizi wa 1972 na watoto wao walirudi kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania. Wengi walirudi katika mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac walikotoka wazee wao. Watoto hao walikuwa wamesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Walipofika, walikuta darasa la Kirundi na Kifaransa, na wapo waliorudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha. Mtoto aliyeweza kueleza mzunguko wa maji kwa Kiswahili fasaha alihesabiwa kuwa hajui, huku katika chumba hicho hicho Kiswahili kikifundishwa kwa "Hujambo, mwalimu". Hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba lugha ilikuwa imeingia shuleni bila maarifa yake.

Kilichobaki nje ya mlango

Tuangalie sasa mifano mitatu ya maarifa ya mwambao ili tuone ni kitu gani hasa shule ilikikosa.

Mfano wa kwanza ni ndagala, samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Mchana hukaa kilindini. Usiku hupanda juu akifuata vijidudu vya majini anavyovila. Wazee waliwavua kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini, huku moto wa kuni ukiwaka mtumbwini. Karabai ikachukua nafasi ya kuni. Katika miaka ya 1950 ikaanza mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu wa kunyanyua, na baadaye zikaja zile kubwa zinazoitwa apolo. Vifaa vimebadilika, lakini kanuni ni ile ile: mwanga huwakusanya samaki gizani. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unaenea ziwani kote, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo mvuvi huhesabu siku kwa mwezi, kama anavyohesabu mwalimu wa Kurani anayesubiri Ramadhani. Katika Kiswahili "mwezi" ni ule wa angani na ni siku 29 au 30, kama vile "ukwezi" katika Kirundi. Somo la sayansi, la hesabu na la lugha yako hapo katika neno moja.

Mfano wa pili ni majina yenyewe. Mtoto wa Kigwena anamjua ndagala na mukeke. Kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili cha Tanzania kinamwambia dagaa, na akienda Kigoma atasikia mukeke wake akiitwa mgebuka. Mwalimu asiyejua atamsahihisha mtoto na kumwambia amekosea. Mwalimu anayejua atauliza: samaki huyu huyu anaitwaje Kigoma? Uvira je? Na mtoto atajifunza kwamba Kiswahili kina lahaja, kwamba kila upande wa ziwa una haki ya majina yake, na kwamba lugha sanifu inamwongezea neno pasipo kumnyang'anya alilokuwa nalo. Ngeli pia zinafundishika hapo: mukeke na mikeke, mchikichi na michikichi, chikichi na machikichi, na mawese ambayo hayana umoja.

Mfano wa tatu ni mpaka wa maji. Ziwa Tanganyika halina kimo kimoja. Katika miaka ya 1870 mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulifunguka tena, na ziwa likashuka sana. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 lilipanda hadi kufikia kilele mwaka 1964. Kisha likashuka, na watu wakajenga na kulima mahali ambapo maji yalikuwa yamefika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 lilipanda tena, na mwaka 2024 kimo chake kilikuwa karibu na kile cha 1964. Nyumba na mashamba ya mwambao wa Rumonge yalizama, na familia nyingi zikahama. Kwa wazee waliouona mwaka 1964, maji hayo yalikuwa yamerudi mahali pake. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hao hawakuwahi kualikwa darasani, na mipaka waliyoikumbuka haikuchorwa katika daftari la mwanafunzi yeyote.

Kazi iliyo mbele ya mwalimu wa Kiswahili

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mapendekezo machache.

Kwanza, mwalimu wa Kiswahili wa mwambao asisubiri mtaala mpya. Insha, ufahamu, msamiati na mazungumzo ni vyombo vitupu mpaka mwalimu avitilie kitu. Mwanafunzi anaweza kutumwa kumhoji babu kuhusu maji ya 1964, au mama kuhusu hatua za kupata mawese tangu kuchemsha chikichi hadi kuengua mafuta. Arudi na maandishi, yasomwe, yasahihishwe, yatunzwe. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na kitabu chake.

Pili, vyuo vyetu vya ualimu na idara za lugha vina jukumu la istilahi. Kituo cha Utamaduni wa Burundi kilikusanya simulizi nyingi za vilimani. Maneno ya uvuvi, ya upepo, ya mitumbwi na ya michikichi ya Rumonge na Nyanza-Lac yanahitaji kazi kama hiyo kwa Kirundi na Kiswahili pamoja, kwa kuwa msemaji wa mwambao hazitenganishi lugha hizo mbili. Wanafunzi wa shahada wanaotafuta mada za tasnifu watazipata hapo bila taabu.

Tatu, maarifa haya yapimwe. Heshima kwa wazee haimaanishi kukubali kila wanachosema. Wapo wanaoamini kwamba samaki wa ziwa hawawezi kwisha, na tunajua kwamba si kweli. Nchi nne za ziwa hili zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003 kwa sababu hiyo, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu. Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha kauli ya mvuvi na kipimo cha mtaalamu atafaidika na vyote viwili, na siku moja ataweza kumweleza baba yake sababu ya kufunga ziwa kwa lugha ambayo baba ataielewa.

Nne, na hili ndilo gumu, maarifa haya yaingie katika mtihani. Historia ya 1973 imetuonyesha kwamba kisichotahiniwa hakina mwenyewe. Swali moja la sayansi kuhusu mwezi na ndagala katika mtihani wa taifa, linaloulizwa mtoto wa Ngozi na wa Kigwena kwa pamoja, lingefanya kazi kuliko semina kumi. Mtoto wa Kigwena amejibu maswali ya mtama na ng'ombe miaka yote, na mwenzake wa mlimani naye ana haki ya kulijua ziwa la nchi yake.

Hitimisho

Jumuiya ya Afrika Mashariki imekubali Kiswahili kiwe moja ya lugha zake rasmi, na tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kama UNESCO ilivyoazimia mwaka 2021. Heshima hizo ni kubwa na tunazifurahia. Lakini hazitamfikia mtoto wa mwambao ikiwa Kiswahili anachofundishwa hakiwezi kumtajia samaki aliyemla jana usiku. Burundi imekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana kuandika vitabu vya mazingira kwa lugha ya wananchi, na kwamba inawezekana kuipa nafasi lugha iliyodharauliwa. Yalifanyika kwa nyakati mbili tofauti, na mambo hayo mawili hayakukutana. Mwalimu anayesimama leo mbele ya darasa la Kigwena ana nafasi ya kuyakutanisha, na anaweza kuanza na neno moja: mwezi.